Kalenga nako ukuta uonekane

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wale wanaosema hapa Kalenga, karibu na Iringa mjini, hakuna cha kumwonyesha mgeni zaidi ya fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, eti kwa kuwa Wajerumani waliipiga mizinga Lipuli, ngome yake ya hapo Kalenga, Oktoba 1894, basi habari imeishia hapo.

Mimi ni fundi mwashi mstaafu, naishi Ipogolo. Binti yangu ameolewa Ugiriki, na mwaka jana walinipeleka kisiwa cha Rhodes, Bahari ya Mediterania, tukashinda kutwa nzima katika mji wa kale. Mkwe wangu alitaka tuanzie ufukweni. Nikamwambia, baba, bahari haihami, kwanza nione ukuta.

Ukuta huo unauzunguka mji kwa kilomita kama nne. Tulishuka handakini, ambamo hamna maji, ni majani na miti. Risasi za mizinga za mawe zimelala kwenye nyasi kama maboga. Nilisukuma moja kwa mguu, haikutikisika. Nilipitisha kiganja kwenye maungio ya mawe, nikatazama tako la ukuta lilivyotanuliwa kwa mteremko. Mwaka 1480 Waturuki waliuzingira mji wakashindwa, na askari watawa wa Shirika la Mtakatifu Yohane, waliokuwa wakiutawala, wakaona heri wanenepeshe kuta. Hazikuwafaa milele: mwaka 1522 Sultani Suleiman alikuja mwenyewe, akawabana miezi sita, wakasalimu amri.

Lakini lililonifanya nichukue kalamu ni jumba la mkuu wa shirika hilo, lile linalopigwa picha kuliko yote. Sehemu kubwa ya jumba hilo si ya kale! Mwaka 1856 baruti iliyohifadhiwa jirani ililipuka, jumba likageuka gofu. Waitaliano walipokitawala kisiwa walilijenga upya, kati ya 1937 na 1940. Wapo wanaonung'unika kwamba waliweka majivuno yao humo, na kweli, sakafu za vijiwe vya rangi ninazozisifu mimi zililetwa kutoka kisiwa jirani cha Kos. Mambo ya namna hiyo Kalenga siyataki.

Hata penye uchungu wameweka alama. Katika mtaa wa Wayahudi lipo jiwe jeusi lenye maandishi ya lugha kadhaa. Binti yangu alinisomea. Mwaka 1944 Wajerumani waliwakusanya Wayahudi wa kisiwa hicho wakawapeleka Auschwitz. Na pembeni ya hayo yote watu wanaishi, wameanika nguo, pikipiki zinapita uchochoroni. Mji kuwa wa kale hakujawazuia kuishi humo.

Sasa mgeni wa Kalenga. Anaonyeshwa fuvu lililorudishwa mwaka 1954, anaonyeshwa silaha, anapiga picha, huyo anarudi Iringa mjini. Hajui kama gari lake lilivuka mstari wa ukuta au la, maana hakuna aliyemwonyesha. Mtoto wa shule naye anakariri vita vya Lugalo vya 1891, Mkwawa alipowashinda Wajerumani, bila kujua ngome yenyewe ilianzia wapi na kuishia wapi.

Sidai ijengwe yote. Nadai wataalamu wa mambo ya kale wakae na wazee wa kijiji, wapime ukuta ulipopita, kisha tupange mawe usawa wa goti kufuata mstari huo. Unapopita kwenye mahindi ya mtu, jiwe moja la alama linatosha, mwenye shamba aendelee kulima. Sehemu moja tu, karibu na makumbusho, ijengwe hadi kimo chake, kwa namna wazee walivyojenga, na kibao kiseme wazi kwamba kipande hiki ni kipya. Vijana wanaojifunza uashi hapa Iringa wangepata mahali pa kufanyia mazoezi, nami kuwasimamia sitaki posho.

Kazi ianze Julai, mwezi wa kumbukumbu ya Mkwawa, udongo ukiwa mkavu. Mvua za Desemba zitakuta tumeshamaliza.

Fundi mwashi mstaafu,
Ipogolo, Iringa