Mitoko ya siri msituni: simu itangulie, adhabu isubiri

Ndugu Mhariri,

Mitihani ya kidato cha nne huisha Novemba, na mwezi huohuo vuli huwa imeshika mlimani Kilimanjaro. Ndipo mitoko ya siri inapoanza: vijana watano, sita, wanaaga kwamba wanalala kwa mwenzao, kisha wanapanda daladala ya Kibosho, Materuni au Marangu na kuishia msituni na hema la kuazima, spika na mfuko wa mkaa. Kuwakataza tu hakujawahi kutosha. Waelezwe kinachoua huko, na wazazi waelezwe kinachochelewesha msaada.

Baridi ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Kila unapopanda mita 100, joto hupungua kwa nyuzi 0.6 hivi. Kutoka Moshi mjini hadi ukingo wa msitu, ulio mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, yaani mita 1,000 hivi juu ya mji, umeshapoteza nyuzi sita kabla ya kuhesabu mvua, upepo na usiku. Jinzi ikilowa huko haikauki hadi asubuhi. Mtu huanza kutetemeka, vidole vinashindwa kufunga zipu, kisha anaongea kama mlevi. Akiacha kutetemeka naye bado ni wa baridi, msifurahi, amezidiwa. Mvueni nguo zote mbichi, mvisheni kavu, mfunikeni kichwa, mkalisheni juu ya rundo nene la majani makavu, kwa kuwa ardhi nayo hunyonya joto. Akiwa na fahamu na anameza vizuri, apewe kinywaji cha moto chenye sukari. Msimsugue mikono na miguu. Pombe hapana kabisa: huivuta damu kwenye ngozi, akajihisi ana joto ilhali joto la ndani linazidi kutoka.

Baridi hiyohiyo ndiyo inayomfanya mtu aingize jiko hemani. Mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinafuata, usingizi unakuja, na aliyelala anaweza asiamke. Kuacha zipu wazi kidogo hakusaidii. Jiko libaki nje, hata kama makaa yanaonekana yamefifia.

Penye maporomoko, msiangalie anga ya hapo mlipo pekee. Mvua inaweza kunyesha juu mlimani huku chini jua linawaka. Maji yakibadilika rangi, yakaanza kubeba majani na vijiti, au mngurumo ukiongezeka, acheni vyombo mpande ukingo. Maji ya magotini yaendayo kasi yanatosha kumwangusha mtu mzima.

Kuna ushauri wa mitaani kwamba ukipotea ufuate mto utafika kijijini. Kwa tambarare, sawa. Miteremko ya kusini ya Kilimanjaro imekatwa na makorongo, na mto utakufikisha juu ya poromoko, kuta huku na huku. Njia za watu hupita migongoni mwa vilima. Anzeni kurudi saa tisa alasiri, kwani jua huzama kwenye saa kumi na mbili na nusu na chini ya miti giza hutangulia. Likiwakuta, kaeni pamoja mahali pamoja. Upande wa Mlima Meru, wenye nyati na tembo, kutembea usiku kwa tochi ya simu ni kutafuta balaa. GPS ya simu haihitaji bando: nakilini tarakimu za mahali mlipo, mzitume kwa ujumbe mfupi, ambao mara nyingi hupita pale simu ya kuongea inapokatika. Polisi ni 112, Zimamoto na Uokoaji ni 114. Ibaki simu moja imewashwa, nyingine zizimwe.

Sasa wazazi na walimu. Kuingia hifadhini bila kibali ni kosa, na vijana wanalijua. Wanajua pia fimbo ya nyumbani. Kwa hiyo mmoja akipotea, wenzake huanza kumtafuta wenyewe kimyakimya, saa zinakwenda, na wa pili naye anapotea. Mwambieni mtoto sasa, kabla ya likizo, kwamba usiku wa tatizo hakuna kufokewa. Na kama hataki mjue anakokwenda, basi amwachie kaka, dada au binamu mambo manne: wako nani, wameshukia kituo gani, wamepandia mgongo upi, watarudi saa ngapi. Saa mbili zikipita baada ya hapo, siri imekwisha na huyo aliyeachiwa aseme. Bila kujua mgongo, watafutaji wanaweza kumaliza usiku mzima ng'ambo ya korongo lisilo lao.

Simu ikilia usiku, ulizeni mko wangapi, mliacha njia wapi, nani amelowa. Mengine yataulizwa wakishafika nyumbani.

Waongoza watalii,
Moshi