Jeshi na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) waone anga moja

Mhariri,

Juni 2016 kipande cha bawa la ndege kiliokotwa hapa kwetu Pemba, na baadaye wachunguzi wa Australia wakathibitisha kuwa ni cha MH370, ile Boeing 777 ya Malaysia iliyopotea na watu 239. Wengi huitaja ndege hiyo kama fumbo. Ninachokiandikia mimi hakina fumbo lolote: baada ya kutoweka kwenye skrini za waongoza ndege wa kiraia, iliendelea kuonekana kwenye rada ya jeshi kwa saa nzima.

Ilikuwa usiku wa Machi 8, 2014, saa 7:21. Rada wanayoitegemea zaidi waongoza ndege huuliza, na kifaa kilichomo ndani ya ndege, transponda, hujibu. Kikinyamaza, alama inafutika. Rada ya jeshi haingoji kujibiwa. Mawimbi yake hugonga bati la ndege na kurudi. Kwa hiyo ilionekana ikigeuka, ikikatiza nchi kavu, ikishika njia ya magharibi juu ya Mlango-Bahari wa Malaka, hadi saa 8:22. Jeshi halikuihesabu kuwa adui, hivyo haikufuatwa. Kituo cha uokoaji kilianza kazi saa 11:30 alfajiri. Na utafutaji katika Bahari ya China Kusini, upande ambao ndege ilishaupa mgongo, haukusitishwa mpaka Machi 15. Wiki nzima, na ndugu za abiria wamekaa hotelini wakisubiri habari!

Wasomaji wasidhani ni tatizo la nchi zisizo na fedha. Januari 29, 2025, ndege ya abiria na helikopta ya jeshi ziligongana karibu na uwanja wa Reagan, Washington, wakafa watu 67. Helikopta haikuwa ikirusha taarifa za mahali ilipo kwa mfumo wa ADS-B. Baadaye Bunge la Seneti likaelezwa kwamba simu ya moja kwa moja kati ya Pentagon na mnara wa uwanja huo ilikuwa mbovu tangu Machi 2022. Sisemi simu ndiyo iliyoua. Nasema simu ya namna hiyo ikikaa mbovu miaka karibu mitatu, basi hakuna aliyekuwa akiijaribu.

Hapa kwetu neno rada likitajwa, watu hukumbuka chenji ya rada. Ile rada ya kampuni ya Uingereza ya BAE, ya pauni milioni 28, ilituachia mjadala wa bei na rushwa, na fedha zilizorudishwa zikanunua vitabu na madawati. Mjadala ule ulikuwa wa haki. Lakini tangu hapo TCAA imeshapata rada za kiraia za Dar es Salaam, KIA, Mwanza na Songwe, na swali la leo si bei tena. Transponda ikizimika juu ya mkondo wa Pemba, ofisa wa jeshi anayeiona ndege hiyo anampigia nani, na kwa dakika ngapi?

Najua jibu litakalokuja: siri za ulinzi. Siri ni mahali rada ilipo na umbali inaofika. Mahali ilipo ndege ndogo ya Caravan yenye abiria wa Chake Chake, mmoja wao kakaa mbele kando ya rubani, si siri ya mtu. Taarifa hizo zinaweza kuchujwa kabla ya kupelekwa. Ujerumani, shirika la DFS linaongoza ndege za kiraia na za kijeshi pamoja wakati wa amani, na jeshi lao halijavuliwa nguo. Kiambatisho cha 11 cha Mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga wa kimataifa, ambao sisi ni wanachama wake, kinadai uratibu wa karibu kati ya jeshi na waongoza ndege.

Naiomba Wizara ya Uchukuzi na ile ya Ulinzi zilieleze Bunge mambo mawili: makubaliano ya TCAA na JWTZ ya kupeana picha ya rada papo hapo yamesainiwa lini, na mara ya mwisho yalijaribiwa lini usiku, bila watu wa zamu kuambiwa mapema. Tarehe hizo mbili hazitoboi siri yoyote ya jeshi.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba