Barua ya Wazi kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika: Mnada Umeingia Mtandaoni, Malipo Bado Yanatembea kwa Miguu

Kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika Tanzania,
Dodoma.

Ndugu Mrajis,

Pokea salamu kutoka huku kusini, ambako wakati ninaandika barua hii mikorosho imeanza kutoa maua na harufu ya salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, imetanda kijiji kizima. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na mkulima wa korosho mwenye ekari sita, mwanachama wa chama cha msingi ambacho jina lake nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa shida ninayotaka kuieleza, ya malipo ya mkulima kuchelewa baada ya mnada, haikuletwa na katibu wetu, ambaye ni jirani yangu na mtu mwaminifu, wala haitaondoka kwa kumwondoa yeye. Nimeona nikuandikie wewe badala ya Waziri wa Kilimo au Bodi ya Korosho, kwa sababu fedha ya mkulima ikishatoka kwa mnunuzi hupita katika mikono ya vyama, na vyama hivyo viko chini ya ofisi yako kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013.

Nianze kwa kutoa haki panapostahili. Zamani wanunuzi waliandika bei zao kwenye karatasi, wakazifunga katika bahasha na kuzitumbukiza sandukuni, na sisi tukabaki kuamini kwamba kilichosomwa ndicho kilichoandikwa. Katika msimu wa 2024/2025 minada ya korosho iliendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na mkulima aliyekuja mnadani na kanzu yake na fimbo yake aliweza kuona bei kwenye skrini kwa macho yake mwenyewe, kisha akaulizwa pamoja na wenzake kama wanauza au hawauzi. Mnada wa kwanza wa msimu ule, uliohusu korosho za Tandahimba na Newala mwezi Oktoba 2024, ulitoa bei ya juu ya Sh 4,120 na bei ya chini ya Sh 4,035 kwa kilo, na habari hiyo ilifika katika simu za watu wa Tunduru na Liwale kabla jua halijatua. Kwa hili sina lawama. Upande wa bei umewekwa mwangani, na ninaomba asitokee mtu wa kuurudisha gizani.

Ninalolalamikia linaanza pale skrini inapozimwa.

Katika minada ya mtandaoni kila mahali duniani, hofu kubwa ya muuzaji ni kumpelekea mtu mali kisha asilipwe. Soko la eBay, lililoanzishwa Marekani mwaka 1995, lilianza na wanunuzi waliotuma hundi na hawala za fedha kwa posta, huku muuzaji akikaa kusubiri barua; mwaka 2002 soko hilo likainunua kampuni ya malipo ya PayPal, na baadaye, katika miaka ya 2018 hadi 2021, likauchukua mzigo wa malipo mikononi mwake lenyewe. Wauzaji wa huko hawajaacha kunung'unika. Wanalalamika kwamba fedha zao huzuiwa, kwamba wamelazimishwa kupokea kwa njia moja, na kwamba mnunuzi akidai amepokea mali mbovu anasikilizwa kabla yao. Nimewataja kwa sababu moja tu: hata yule ambaye fedha yake imezuiwa, akifungua ukurasa wake anaona kwamba fedha ipo, ni kiasi gani, na imezuiwa hadi lini.

Sisi hofu hiyo ya kupeleka mali na kudhulumiwa tumeivuka muda mrefu, na tumeivuka kwa akili zetu wenyewe. Tangu korosho zilipoingizwa katika mfumo wa stakabadhi ghalani msimu wa 2007/2008, mali hukaa ghalani na haitoki mpaka mnunuzi amelipa. Kwa hiyo, Ndugu Mrajis, siku ninapoona malori yamepakia na kuelekea Mtwara, mimi mkulima ninajua jambo moja bila kuambiwa na mtu: aliyenunua ameshalipa. Kama mimi sijalipwa, basi fedha yangu haiko kwa mgeni. Imo ndani ya nyumba yetu, kati ya chama kikuu, yaani muungano wa vyama vya msingi, chama cha msingi chenyewe na benki, na hakuna hata mmoja kati ya hao watatu anayeniambia imelala chumba gani.

Msimu uliopita niliuza kilo 812 katika mnada wa mwezi Novemba. Malori yaliondoka baada ya siku chache. Fedha yangu niliishika siku ya ishirini na tisa. Nilipouliza katika chama cha msingi niliambiwa orodha imeshapelekwa benki. Nilipokwenda benki, kwa bodaboda ya shilingi elfu kumi na mbili kwenda na kurudi, niliambiwa orodha haijafika. Niliporudi tena wiki iliyofuata nikaambiwa orodha ilifika na fedha iliingia, lakini ilirudishwa ilikotoka kwa sababu akaunti yangu ilikuwa imelala. Akaunti ya mkulima wa korosho, nadhani hili halihitaji elimu ya benki kulielewa, hupokea fedha mara moja au mbili kwa mwaka, mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, kisha hutolewa ikaisha kwa ada za shule, madeni ya viuatilifu na mahindi ya kula. Kuanzia Februari hadi Oktoba haina kitu cha kufanya. Tumefunguliwa akaunti za aina ambayo mtindo wetu wa maisha lazima uzilaze, kisha kila msimu tunaambiwa kosa ni letu kwa kuziacha zilale.

Kuiamsha kulihitaji kitambulisho cha taifa, barua ya mtendaji wa kijiji na picha mbili. Mimi nilikuwa navyo, nami ninajua kusoma. Katika foleni ile ile alikuwepo mzee ambaye jina lake kwenye stakabadhi liliandikwa Mohamedi na kwenye akaunti likaandikwa Muhamed, na kwa tofauti hiyo ya herufi fedha yake ilirudi mara mbili. Nyuma yake alisimama mama mmoja mjane ambaye korosho ni zake, shamba ni lake, lakini akaunti ni ya mtoto wake wa kiume aliyehamia Dar es Salaam. Yule kijana akipenda anamtumia mama yake fedha yote, asipopenda anatuma anachoona kinatosha. Mfumo wetu unamtambua mwenye akaunti. Mwenye jembe ni habari nyingine.

Sasa nifike kwenye kangomba, yaani ununuzi wa korosho wa magendo nje ya mnada, maana najua neno hili linaisumbua ofisi yako kila msimu. Viongozi wanapokuja kuhutubia hutueleza kwamba kangomba ni wizi, kwamba anayenunua korosho kwa bakuli gizani ni adui wa mkulima, na kwamba anayemuuzia anajiua mwenyewe. Yote hayo ni kweli. Lakini sijasikia kiongozi hata mmoja akieleza kwa nini mtu mwenye akili timamu, anayejua bei ya mnadani kuliko hata wao, aende kuuza kwa nusu ya bei hiyo usiku. Jibu lake ni fupi: kangomba analipa hapo hapo. Mtoto ameitwa shule na anatakiwa awe na godoro, ndoo na fedha ya mchango ifikapo Jumatatu. Mgonjwa anatakiwa kupelekwa hospitali ya mkoa. Mwenye duka aliyetukopesha salfa mwezi wa saba amekuja na daftari lake. Mbele ya mtu huyo zipo njia mbili za malipo: moja ni Sh 4,000 ambayo haijulikani itafika lini, nyingine ni Sh 2,000 iliyoko mfukoni mwa mtu aliyesimama mlangoni. Kwa miaka mingi tumempiga vita kangomba kwa mgambo na vizuizi vya barabarani, hali silaha yake yenyewe hatujamnyang'anya, nayo ni haraka.

Wala si kweli kwamba bei ikipanda kangomba atakufa. Mwaka 2018, wakulima walipokataa bei za mnadani, Rais Magufuli alitangaza mwezi Novemba kwamba Serikali itanunua kwa Sh 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kusomba mzigo. Bei ile ilitufurahisha. Lakini uhakiki ulikuwa mrefu na malipo yakaendelea hadi mwaka uliofuata, na wako wazee hapa kijijini ambao ukiwatajia msimu ule hawakumbuki bei, wanakumbuka kusubiri.

Ninachoomba hakihitaji sheria mpya, nami nitakieleza kadiri ninavyokielewa mimi nisiye mtaalamu.

Naomba mkulima aulizwe, siku anapopimiwa mizani, anataka kulipwa kwa njia ipi: benki, simu au SACCOS yake; na jibu lake liandikwe kwenye stakabadhi ile ile, kwa jina la mwenye korosho na si la jirani wala mtoto. Huduma za fedha kwa simu zipo nchini tangu mwaka 2008. Benki Kuu inao mfumo wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, unaounganisha benki na kampuni za simu. Bibi asiyejua kusoma huku kwetu anajua kubonyeza nyota na reli kuangalia salio lake. Nakubali kwamba simu nayo ina kasoro zake: kuna makato ya kutoa, kuna kikomo cha kiasi, na matapeli wa mitandaoni wanajua kalenda ya korosho vizuri kuliko Bodi yenyewe. Mwenye tani kumi atabaki na benki yake, na ni busara afanye hivyo. Lakini wengi wetu tunauza magunia matano, kumi, kumi na tano, na kwa mtu huyo wakala wa simu yuko hatua mia mbili kutoka nyumbani wakati tawi la benki liko kilomita arobaini.

Jambo la pili ndilo zito zaidi, na kama utachukua moja tu katika barua hii ningependa uchukue hili. Mnunuzi akishinda mnada huwekewa siku za kulipia, na asipolipa anajua kitakachompata. Muuzaji hana siku zake anazozijua. Naomba kila mkono unaoishika fedha baada ya mnunuzi uwekewe muda unaojulikana, chama kikuu muda wake, chama cha msingi muda wake, benki muda wake, na fedha inapoingia na kutoka katika kila mkono mkulima apate ujumbe mfupi kwenye simu yake ya kitochi: mnunuzi amelipa tarehe fulani, chama kikuu kimepokea tarehe fulani, orodha imekwenda benki tarehe fulani. Atakayeikalisha fedha kupita muda wake alipe fidia kwa kila siku, na ailipe kutoka mfukoni mwake, isije ikaongezwa kwenye tozo zetu. Ninaamini ujumbe wenyewe, hata bila fidia, utapunguza nusu ya ugonjwa, kwa kuwa mtu anayejua fedha yake itafika Alhamisi anaweza kumwomba mwenye duka asubiri hadi Alhamisi. Asiyejua hana la kumwambia.

Katika ujumbe huo wa mwisho naomba yawemo makato yote na bei niliyouzia. Mjengeko wa bei, yaani orodha ya tozo na makato yanayotolewa kwenye bei, hutangazwa mwanzoni mwa msimu na hubandikwa ukutani, ni kweli, lakini kinachoingia kwenye akaunti ni tarakimu moja isiyo na maelezo. Katika mnada mmoja bei ya juu na ya chini hutofautiana. Katika ule niliotaja mwanzoni tofauti ilikuwa Sh 85 kwa kilo, ambayo kwa kilo 800 ni Sh 68,000, karibu bei ya sare na madaftari ya watoto wawili. Nina haki ya kujua korosho zangu zilikuwa katika fungu lipi.

Kuhusu akaunti zinazolala, naomba ofisi yako ikae na mabenki kabla ya msimu na siyo katikati yake. Orodha za wanachama zipo vyamani tangu mwezi wa tano, wakati wa kugawa pembejeo. Benki ikiletewa orodha hiyo mapema inaweza kusema majina gani hayalingani na akaunti zipi zimelala, na watu wakazirekebisha mwezi wa nane, ambapo hakuna foleni na hakuna mwenye njaa ya fedha.

Minada hufunguliwa mwezi wa kumi. Kama itakupendeza kujibu, jibu lako linaweza kutumwa kwa vyama vyote vya msingi vya mikoa ya korosho na likabandikwa kwenye mlango wa ghala, upande wa mizani, ambapo kila anayeleta gunia lazima asimame.

Wako katika ushirika,

Mwalimu mstaafu na mkulima wa korosho,
Kusini mwa Tanzania.