Utamchoma wapi?

Tanga, 9 Juni

Mpendwa Neema,

Salamu kwako na kwa wanao. Barua yako niliipata Jumatatu, na swali lako limenikaa kichwani wiki nzima: mgonjwa ameungua mikono yote, kifua na shingo, utamchoma wapi sindano ya kumpitishia maji mshipani?

Mwezi uliopita tulipokea kijana aliyeunguzwa na petroli. Kilo 60, ameungua asilimia 40. Piga hesabu: mililita 4 kwa kila kilo na kwa kila asilimia iliyoungua, yaani 4 mara 60 mara 40, ni lita 9.6 za Ringer, maji ya chumvi ya mshipani, kwa siku ya kwanza, nusu yake ndani ya saa 8. Na saa zenyewe zinaanza moto ulipomshika, wala si alipofika kwetu. Saa 4 zilikuwa zimeishia njiani. Ningepata kanula, vijibomba vya mshipani, mbili fupi nene mkononi ningeridhika, maana hupitisha maji haraka kuliko katheta, mrija wa mshipa mkubwa, ndefu nyembamba. Lakini mikono ilishaumuka, hakuna mshipa unaoonekana wala kupapasika.

Kinena kilikuwa kimesalimika. Nikaweka altrasaundi: ateri, mshipa utoao damu moyoni, inadunda, na kando yake, upande wa ndani, vena, mshipa urudishao damu, imelala bapa kama utepe kwa kukosa maji. Nikibonyeza kidogo inapotea. Nikalegeza mkono, nikaingia taratibu, damu nyeusi ikarudi kwenye bomba la sindano, waya wa kuongozea katheta ukateleza bila kugoma. Ndipo nikashusha pumzi.

Najua tumefundishwa kukiogopa kinena kwa maambukizi, na bado nakiogopa. Ila ngozi nzima ya kinena naiamini kuliko ngozi iliyoungua chini ya mtulinga. Mwaka juzi nilipitisha katheta kwenye ngozi ya namna hiyo, hapakuwa na pengine. Siku ya tano ngozi ikalainika, nyuzi zilizoishonea katheta zikaikata ngozi, na wakati wa kubadilisha bandeji katheta ikachomoka karibu yote. Plasta nayo haishiki juu ya majimaji. Tangu hapo naandika kwenye faili alama ya sentimita iliyo usawa wa ngozi, kila zamu waikague, na siku ya kuosha kidonda naishika katheta mwenyewe mpaka wamalize.

Wahi kabla uvimbe haujaficha kila kitu, Neema. Ukikwama kabisa, sindano ya mfupani chini kidogo ya goti itapitisha maji huku ukiendelea kutafuta mshipa.

Usiku ule wa yule kijana nilikaa na mfuko wa mkojo, maana mkojo ndio unaoonyesha kama maji yanatosha: mililita 10 kwa saa, kisha 20, kisha 35. Tulikuwa tunaitafuta 30.

Niambie kama hapo mna altrasaundi. Kama hamna, nitakuandikia namna ya kuitafuta vena kwa vidole.

Rafiki yako,
Zuhura