Barua ya wazi kwa Mjomba, kuhusu yule mzee wa Urasa

Shikamoo Mjomba,

Juzi nilituma picha kwenye kundi la ukoo, nimesimama nje ya kituo cha treni cha Urasa, theluji imenifika magotini. Wote walicheka koti langu. Wewe peke yako uliuliza: "Huyo mzee wa shaba nyuma yako, aliyeinua mkono, ni nani? Na mbona sanamu imejengewa paa?" Nikakujibu kwa mkato kwamba ni waziri mkuu wa zamani wa Japani, alihukumiwa kwa rushwa. Ukaandika mstari mmoja tu: "Lakini treni si ipo?"

Ndugu wakaweka vicheko, mjadala ukafa. Mimi sikulala vizuri. Nimeona nikujibu hapa hadharani, kwa sababu hoja yako wanayo wengi, na kule kwenye kundi nikiandika marefu Mama Mdogo ataniambia nimeanza mhadhara.

Jina lake Tanaka Kakuei. Huku jina la ukoo ndilo linalotangulia. Alizaliwa Mei 1918 katika kijiji cha Futada, mkoa wa Niigata, upande wa Japani unaoitazama Asia bara. Upepo wa baridi unatoka Siberia, unavuka bahari, unabeba unyevu, ukigonga milima unaumwaga wote upande huu kama theluji. Ng'ambo ya milima, Tokyo, watu wanaanika nguo juani. Ukilielewa hilo umeielewa nusu ya siasa zake. Zamani wakulima wa mpunga wa huku walikuwa wakifungiwa na theluji msimu mzima, na wanaume wengi waliondoka kwenda kusaka vibarua mijini, wakarudi masika mashamba yakianza kuonekana.

Baba yake alikuwa mtu wa kazi yako, dalali wa farasi na ng'ombe. Naye alikuwa na ndoto kubwa kuliko mfuko. Alijaribu kuagiza ng'ombe wa maziwa kutoka Uholanzi, mradi ukamfilisi, na kilichobaki akawa anakipeleka kwenye mashindano ya farasi. Mama ndiye aliyeinama shambani kuilea familia. Wewe umewaona wanaume wa namna hiyo mnadani, sina haja ya kukuchorea.

Mtoto mwenyewe alikuwa na kigugumizi. Alikuja kugundua kwamba akiimba hakimpati, basi akajizoeza zile ngano za kuimbwa ambazo Wajapani huziita naniwabushi. Walipocheza mchezo shuleni akapewa nafasi ya Benkei, yule mtawa shujaa wa hadithi zao. Akaomba apigiwe muziki, akayaanza maneno yake kwa sauti ya kuimba, na ulimi ukafunguka. Nakuomba ulishike hilo, nitalirudia.

Shule aliiachia kwenye elimu ya msingi. Mwaka 1934 akaenda Tokyo, mchana kibarua wa ujenzi, usiku anasoma ufundi. Akafungua ofisi yake, akaandikishwa jeshini, akapelekwa Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, akarudishwa mgonjwa wa mapafu. Mwaka 1942 akamwoa Hana, binti wa nyumba aliyokuwa amepanga. Inasimuliwa kwamba bibi harusi alimwekea masharti matatu: usinifukuze, usinipige teke, na siku ukiwa mkubwa ukavuka daraja la ikulu ya Mfalme, tuvuke wote. Hakuomba mume asiwe na wanawake wengine, labda kwa kuwa alikuwa ameshamsoma. Kampuni ya ujenzi ilinawiri wakati wa vita, na vita vilipoisha Tanaka alikuwa na fedha wakati wanasiasa wengi hawakuwa nazo.

Aligombea ubunge 1946 akaanguka, akarudi 1947 akapita, ana miaka 28. Hotuba yake ya kampeni ya siku zile watu wa huku wanaikumbuka mpaka leo. Aliwaambia wanakijiji kwamba tatizo lao ni ule mlima wa Mikuni. Tuupasue kwa baruti, upepo upite uende Tokyo, theluji ikaanguke huko kwao, na kifusi tukitupe baharini tuunganishe kisiwa cha Sado na bara. Watu walicheka mpaka machozi. Lakini walimsikia. Huyu alikuwa wa kwanza kuwaambia kwamba umaskini wao si amri ya Mungu, una mahali unapotokea, na mahali penyewe panaweza kuchimbwa.

Mwaka uliofuata alikamatwa kwa tuhuma za kupokea hongo ya wenye migodi ya makaa. Akagombea akiwa mahabusu, akashinda uchaguzi wa Januari 1949, na baadaye rufani ikamwachia huru. Hapo ndipo Niigata ilipojifunza kwamba mtu wao akikamatwa si lazima waamini.

Sasa tuje kwenye mtambo wenyewe, maana ndio jibu la swali lako. Majimbo ya Japani ya wakati ule yalikuwa makubwa, kila moja linatoa wabunge watatu hadi watano, na mpiga kura anachagua jina moja tu. Kwa hiyo chama tawala, LDP, kilisimamisha wagombea kadhaa jimbo hilohilo, wakapambana wao kwa wao. Sera ni moja, bendera ni moja. Utamshindaje mwenzako? Kwa kuwatumikia watu na kwa fedha. Mkono mtupu haulambwi, kama unavyopenda kusema wewe. Tanaka akaunda umoja wa wafuasi wake, Etsuzankai, wenye matawi mpaka vijijini. Kijiji kinataka daraja, kinaleta ombi kwenye tawi, maombi yanapangwa kwa zamu, yanapanda Tokyo. Kura nazo zinahesabiwa kijiji kwa kijiji. Wakandarasi wanaopata zabuni wanachangia umoja, umoja unaleta kura, kura zinaleta zabuni. Gurudumu linajizungusha lenyewe.

Mwenyewe alikuwa mhodari mno, tusimnyime haki yake. Ni miongoni mwa waliosukuma sheria ya 1953 iliyotenga kodi ya petroli kwa ajili ya barabara tu, na sheria hiyo iliilisha sekta ya ujenzi ya Japani kwa zaidi ya nusu karne. Akawa waziri wa posta akiwa na miaka 39, akagawa leseni za vituo vya televisheni kwa mkupuo. Mwaka 1962 akapewa wizara ya fedha, ngome ya wahitimu wa Chuo Kikuu cha Tokyo. Wanasema aliwaita akawaambia: mimi nimesoma shule ya msingi, ninyi ni vipanga wa nchi hii, fanyeni kazi, lawama zote nitabeba mimi. Wakawa wake. Nyumbani kwake Mejiro, Tokyo, wenye shida walipanga foleni tangu asubuhi, anamsikiliza kila mmoja dakika chache, anajibu "yossha!", yaani haya, limekwisha. Na mara nyingi lilikwisha kweli.

Julai 1972 alimshinda Fukuda Takeo, msomi wa Chuo Kikuu cha Tokyo, kwa kura 282 dhidi ya 190 katika duru ya mwisho ya kumtafuta kiongozi wa chama, akawa waziri mkuu akiwa na miaka 54. Magazeti yalimwita tingatinga lenye kompyuta. Japani nzima ilimpenda, mtoto wa dalali ameingia ikulu.

Miezi miwili baadaye alikuwa Beijing. Kwenye karamu ya usiku wa kwanza akasimama kuzungumzia vita, vita vilivyoua mamilioni ya Wachina, akasema Japani iliwaletea usumbufu mkubwa. Yeye kwa Kijapani aliona ametamka neno zito. Kwa Kichina likatafsiriwa neno jepesi, sawa na yale mabango yetu ya barabarani, "samahani kwa usumbufu". Ukumbi ukapoa. Kesho yake Zhou Enlai, waziri mkuu wa China, akamwambia wazi kwamba hilo ni neno la kumwambia mwanamke uliyemwagia maji kwenye sketi. Ikabidi wakae upya, wapime neno moja moja, na tamko la pamoja la Septemba 29 likasema Japani inatambua wajibu wake kwa madhara makubwa na inajilaumu kwa dhati. Uhusiano ukarudi. Oktoba dubu wawili aina ya panda, Kang Kang na Lan Lan, zawadi ya China, wakafika bustani ya wanyama ya Ueno, na Tokyo nzima ikaenda kupanga foleni. Kwa hili mimi namheshimu bila "lakini". Wenzake chamani walitishia kumpasua.

Baada ya hapo mambo yalimwendea mrama haraka. Mpango wake wa kutawanya viwanda na reli za kasi nchi nzima uliwafanya wenye fedha wakimbilie kununua mashamba yanayotarajiwa kupitiwa, bei ya ardhi ikaruka. Mafuta yakapanda 1973, akina mama wakagombania karatasi za chooni madukani, na mwaka 1974 bei za bidhaa zikapanda zaidi ya asilimia 20. Oktoba mwaka huohuo jarida moja likachapisha uchunguzi mrefu wa mwandishi Tachibana Takashi kuhusu kampuni za Tanaka na biashara zake za ardhi. Hakukuwa na polisi wala mahakama, ni mwandishi na nyaraka za umma tu. Desemba akang'atuka.

Na bado sijafika kwenye karanga.

Februari 1976 kamati ya Seneti ya Marekani ilifichua kwamba kampuni ya kutengeneza ndege ya Lockheed ilikuwa ikihonga wakubwa wa nchi mbalimbali, Japani ikiwemo. Zikatoka stakabadhi. Moja, ya Agosti 1973, imeandikwa kwamba aliyesaini amepokea karanga mia moja. Mjomba, karanga moja ilikuwa yeni milioni moja. Jumla zilikuwa 500, yaani yeni milioni mia tano, ili shirika la ndege la All Nippon Airways linunue ndege zake za TriStar. Kwa mujibu wa mahakama, fedha zilifungwa kwenye maboksi ya kawaida ya makaratasi, zikakabidhiwa kwa katibu wa Tanaka kwa awamu nne, mara nyuma ya ubalozi wa Uingereza, mara karibu na kibanda cha simu, mara kwenye maegesho ya hoteli. Naliwaza sana lile boksi. Linabebwa kwa mikono miwili kama la sabuni, linahamishwa kutoka buti moja kwenda buti nyingine, na mpita njia hageuzi hata shingo.

Alikamatwa Julai 1976. Alikana mpaka kufa. Oktoba 1983 Mahakama ya Wilaya ya Tokyo ikamhukumu kifungo cha miaka minne na kuzilipa zile yeni milioni mia tano. Akakata rufani, akabaki nje, na uchaguzi ukaitishwa Desemba. Unajua Niigata ilimpa kura ngapi? 220,761. Hakuwahi kupata nyingi kiasi hicho maishani mwake.

Usidhani walikuwa wajinga. Mwaka mmoja nyuma, Novemba 1982, treni ya kasi ya Joetsu ilikuwa imefunguliwa, ikiupita ule ukuta wa milima kwa handaki la kilomita 22. Hawakuupasua kwa baruti kama alivyotania, waliutoboa. Kituo cha Urasa kiliwekwa kwenye mji huu mdogo, na watu wa Tokyo wakacheka kwamba ni kituo cha mtu mmoja. Kwingine mkoani kuna kitongoji cha Shiodani, wakati ule kaya kama sitini tu, kilichochimbiwa handaki la magari. Wachumi walipiga hesabu ya fedha kwa kaya wakashika kichwa. Wenye kitongoji hesabu yao ilikuwa mgonjwa kufika hospitali wakati wa theluji.

Lakini hapa ndipo tunapoachana, Mjomba. Wewe unasema treni ipo, kana kwamba boksi ni nauli tuliyolipa ili treni ije. Yale maboksi hayakujenga reli. Reli ilijengwa kwa fedha za umma, zikiwemo za Wajapani ambao hawakuwa na Tanaka wao. Boksi lilinunua kitu kingine: wabunge. Alipokuwa mshtakiwa, kundi lake ndani ya chama lilizidi kukua mpaka likapita wabunge mia moja, na mtu ambaye hakuwa hata mwanachama tena akawa anaamua nani awe waziri mkuu. Ohira, Suzuki, Nakasone, wote walipita mlango wa Mejiro. Huyo hakuchaguliwa na mtu nje ya jimbo moja la theluji. Ukiniuliza ningempa kura, nitakwambia 1947 ningempa mbili kama ingeruhusiwa. 1983 ningebaki nyumbani nikipasha miguu.

Walioangusha dola yake walikuwa wanawe wa kisiasa. Februari 7, 1985, Takeshita Noboru aliunda kikundi chake ndani ya kundi la mzee. Mzee alichukia, akanywa wiski, na tarehe 27 akapigwa na kiharusi. Kikachukua ulimi. Yule mtoto aliyeimba ili aweze kusema alirudi kukaa kimya. Mwaka 1986 Niigata ilimchagua tena bila kusikia neno lake hata moja. Alifariki Desemba 16, 1993, rufani yake ikiwa bado Mahakama ya Juu, na kesi ikafutwa kwa sababu mshtakiwa hayupo. Mwezi uliofuata bunge likapitisha sheria ya kuondoa ile mifumo ya majimbo ya wabunge wengi.

Kuhusu paa: sanamu iliwekwa 1985, ikawa inabeba theluji kichwani kila majira ya baridi, baadaye ikajengewa.

Mama mwenye nyumba ninayokaa ana miaka zaidi ya themanini, na mpaka leo anamwita Kaku-san, kama jirani. Nilimuuliza jioni moja, tumekaa kwenye meza ile yenye joto chini ya blanketi, kwamba yale maboksi aliyaonaje. Akanimiminia chai. Akasema alipokuwa mdogo, baba yake aliondoka kila Novemba, akawa anamkumbuka kwa viatu vya majani alivyoviacha mlangoni. Halafu zikaanza kazi za barabara huku huku, na mwaka huo baba akabaki.

"Na maboksi?" nikarudia.

Akasema chai inapoa.

Nisalimie Shangazi. Na picha nyingine nitatuma theluji ikiyeyuka, koti nitakuwa nimelivua.

Mpwa wako,
Urasa, Niigata