Oili ya pikipiki kuukuu isipimwe injini ikiwa baridi

Kwa Mhariri,

Ukurasa wenu wa vyombo vya usafiri umekuwa ukiwahimiza waendeshaji wapime oili kila asubuhi kabla ya kuwasha injini, na waongeze pale inapopungua. Kwa pikipiki za boda boda zilizojaa hapa Malindi ushauri huo ni sawa na sina neno nao. Kwa pikipiki kuukuu za Uingereza, zile za BSA, Norton na Triumph ambazo bado zimo chache katika mabanda ya watu, ushauri huohuo ukifuatwa kama ulivyo huleta hasara, nami naomba nafasi nieleze kwa nini.

Pikipiki ya siku hizi huweka oili yake chini ya injini, takriban lita moja, na fundi huipima kwa kijiti au kwa kutazama kidirisha cha ubavuni. BSA M20, ile ya silinda moja iliyotumiwa na jeshi la Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, haikuundwa hivyo. Oili yake hukaa katika tangi la peke yake chini ya kiti, na pampu yake ina jozi mbili za gia: jozi moja huvuta oili kutoka tangini na kuipeleka kwenye krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, na nyingine, ambayo ina uwezo mkubwa zaidi, huinyonya ile iliyodondoka chini na kuirudisha ilikotoka. Madhumuni yake ni kwamba injini ikiwa inafanya kazi, chini pasituame oili.

Taabu huanza chombo kinapolala. Oili ya tangini iko juu kuliko injini, kwa hiyo hutafuta njia ya kuteremka kupitia kwenye pampu. Imewekwa gololi ndogo yenye springi ili kuiziba njia hiyo, lakini chembe ya uchafu ikinasa pale gololi inapokalia, au gia za pampu zikiwa zimelika, oili huteremka kidogo kidogo usiku na mchana. Mwenye pikipiki ambaye hakuigusa kwa wiki kadhaa hufungua kifuniko akakuta tangi limeshuka nusu, ilhali sakafuni hakuna hata tone. Oili hiyo haikupotea popote, bali imehamia ndani ya injini.

Jirani yangu mmoja hapa Malindi aliipeleka BSA yake katika gereji, na kijana aliyeipokea, alipoona tangi limepungua, akalijaza hadi shingoni. Injini ilipowaka, pampu ikairudisha ile iliyokuwa chini, tangi likafurika, na oili ikachuruzika hadi kwenye tairi la nyuma. Jirani aliteleza alipokuwa akikata kona ya Gede. Namshukuru Mungu alitoka na michubuko tu. Kijana yule simlaumu sana, kwani alifanya kile ambacho pikipiki anazozijua zinataka.

Inavyotakiwa ni kuiwasha injini kwanza, kuiacha izunguke taratibu kwa dakika chache, ndipo kupima. Ukifungua kifuniko cha tangi injini ikiwa bado inazunguka, utauona mrija wa kurudisha oili. Mwanzoni oili hutoka mfululizo. Baadaye huanza kutoka kwa kukatikakatika, ikitema viputo vya hewa. Watu wengi huingiwa na hofu wanapoona hivyo na kudhani pampu imekufa, kumbe hiyo ndiyo dalili ya uzima, maana pampu imekwisha kunyonya yote iliyokuwa chini na sasa inavuta oili pamoja na hewa. Cha kuogopwa ni mrija mkavu: injini ikizunguka dakika nzima bila tone kurudi, izimwe papo hapo. Mara nyingi kosa ni gololi nyingine, iliyo kwenye bomba la kunyonyea chini ya injini, ambayo imegandamana na tope la oili. Fundi akifungua kifuniko cha chini na kuisukuma kwa waya mwembamba, kwa kawaida huachia. Na kama kiki ni nzito isivyo kawaida tangu mwanzo, isipigwe kwa nguvu. Afadhali oili ya chini ikingwe kwa beseni kabla ya kuwasha.

Wapo wanaoweka bomba dogo lenye koki la kuzuia oili kati ya tangi na injini, walifunge usiku na kulifungua asubuhi. Mimi siliafiki hata kidogo. Siku atakayosahau kulifungua, mwenyewe atafika mbali kabla ya kujua, na pistoni iliyokwama kwa ukavu gharama yake haina mfano na beseni moja la oili.

Kuhusu kumwaga oili, vitabu vingi vya pikipiki hizi vilitaja maili 2,000, yaani takriban kilomita 3,200. Hapa pwani mimi ningemwaga katika nusu ya mwendo huo, kwa kuwa filta yao ni wavu wa waya tu usioweza kuzuia vumbi laini, na unyevu wetu huingia ndani ya injini isiyotumika sana hadi oili ikageuka rangi ya maziwa. Imwagwe ikiwa moto, tangini na chini ya injini pia. Oili ya uzito wa SAE 50 au 20W-50 inatosha kwa joto letu. Gia boksi na kasha la cheni ya klachi vina oili zao mbali, na hizo ndizo husahauliwa. Oili chafu itiwe mtunguni na kupewa anayeihitaji, kwani wako wanaoipaka boriti dhidi ya mchwa. Isimwagwe mchangani, maana mvua za masika huipeleka baharini.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba mtakapolirudia tangazo lenu mwongeze sentensi moja: pikipiki yenye tangi la oili la peke yake ipimwe baada ya injini kuzunguka, si kabla.

Wako,
Msomaji,
Malindi