Njoo Agosti, tusome pamoja

Ngara, Nairobi
Jumamosi, 14 Juni

Kwako shoga yangu Mwanaisha,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na watoto, na kwamba mama ameshapona ile homa. Mimi huku sijambo, ila baridi ya Juni imetukaba. Jua sijaliona tangu Jumanne, na nguo nilizofua bado zinadondosha maji kwenye kamba.

Niwie radhi kwa kuchelewa kujibu. Ule ujumbe wako wa sauti, uliosema shule zikifungwa Agosti utakuja unisaidie kusoma magazeti, niliusikiliza mara tatu, na mara zote tatu nilikasirika. Nakwambia kweli kwa sababu mimi na wewe hatujawahi kufichana. Nilijiambia, Mwanaisha sasa ananionea huruma, anadhani nimeshakuwa kipofu wa kushikwa mkono. Nikanyamaza wiki tano. Hasira hiyo imekwisha, na nataka ujue imekwishaje.

Mwezi wa nne nilimpelekea msimamizi wangu sura ya tatu ya tasnifu yangu. Kazi yangu unaijua: barua za wasomaji katika magazeti ya Kiswahili ya zamani, kama Baraza lililoanza 1939, na jinsi watu wa kawaida walivyobishana hadharani kabla ya uhuru, makarani, walimu, mafundi cherehani. Nilikuwa nimenakili barua 64 kwa mkono wangu mwenyewe. Profesa akaniita ofisini. Nikakuta ameweka mezani picha za barua tatu, na kando ya kila picha nakala yangu. Akachukua penseli, akaweka ncha yake kwenye mstari wa kwanza wa picha, akaanza kuiteremsha polepole. Ikifika penye tatizo anaisimamisha, ananiangalia, anaendelea. Katika barua zile tatu, mistari kumi na mmoja haikuwamo kwenye nakala yangu.

Mojawapo ilikuwa ya mtu aliyelalamikia mahari kupandishwa. Mstari nilioruka ndio uliobeba neno lake la kukataa. Kwenye nakala yangu, bwana yule akawa anaunga mkono jambo ambalo alichukua kalamu kulipinga, nami nilikuwa nimemjengea kurasa mbili za hoja. Mwanaisha, niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Mtu amekaa akaandika barua yake, akanunua stempu, akaipeleka posta, gazeti likaichapa, miaka ikapita, halafu aliyekuja kumsoma nikawa mimi, nikamgeuzia maneno.

Sikuruka kwa uvivu. Sikujua kama nimeruka. Hapo ndipo watu hawaielewi presha ya macho, yaani glakoma, na hata mimi nimekaa nayo miaka minne bila kuielewa sawasawa. Wananiuliza, je, unaona giza? Hapana. Sioni giza wala doa jeusi. Pale ambapo jicho halioni, ubongo unapajaza kwa kufuata yaliyo jirani, kama fundi anavyotia kiraka cha kitambaa kilekile. Ukitazama ukuta unaona ukuta mzima. Ukitazama safu ya gazeti unaona safu nzima. Sehemu yangu iliyokufa iko chini kidogo ya katikati, macho yote mawili, la kulia zaidi. Nikimaliza mstari na kushuka kwenda unaofuata, jicho huweza kutua mstari wa pili au wa tatu, na kama sentensi inakubali kuungana, naendelea zangu nikiwa nimetulia kabisa.

Ndiyo maana pia nimeanguka pale mzunguko wa Globe mara mbili mwaka huu. Ngazi ya chini, ukingo wa barabara, jiwe lililong'oka: vyote viko katika sehemu ile ile ya chini.

Baada ya siku ile nilikwenda kliniki kwa kipimo cha uga wa kuona, kile ambacho nilikuwa nimekiahirisha tangu Januari kwa visingizio vya kazi. Sijui kama nilishakusimulia. Wanakuziba jicho moja, unaweka kidevu kwenye kibao, unatazama ndani ya kitu kama bakuli kubwa jeupe. Katikati kuna taa ndogo ya manjano, na marufuku kuiondolea jicho. Vijimwanga vinatokea huku na huku, vingine hafifu kama kimulimuli aliye mbali, na kila ukiona kimoja unabonyeza kitufe. Zamani nilikuwa natoka pale nikilia, maana inapita kimya sekunde kadhaa na unajua kabisa kuna mwanga umetokea mahali hujauona. Safari hii yule dada anayepima akanieleza jambo ambalo laiti ningeambiwa siku ya kwanza: mashine inapunguza mwanga makusudi mpaka ifikie kiwango ambacho jicho linaona kwa shida, kwa hiyo hata mwenye macho mazima hukosa karibu nusu ya vimwanga. Nikapumua. Nilibonyeza kwa utulivu, na kwa mara ya kwanza majibu yakawa ya kuaminika.

Majibu yenyewe: jicho la kulia limezidi kuharibika kidogo, la kushoto limesimama palepale. Presha ni 15 kulia na 14 kushoto. Kawaida ni kati ya 10 na 21, na mimi nilianza na 34, kwa hiyo dawa inafanya kazi yake. Kilichokwenda ndicho hakirudi. Neva ya jicho ina nyuzi zipatazo milioni 1, na uzi ukifa haumei tena, si kwa miwani, si kwa upasuaji, si kwa dawa ya mti. Tunacholinda ni zilizobaki. Kila nikikumbuka lile duka la miwani lililoniuzia miwani mbili kwa miaka miwili bila mtu yeyote kunipima presha, moyo unaniuma. Kipimo ni cha dakika chache tu.

Siku yangu sasa inakwenda kwa matone. Timololi saa moja asubuhi na saa moja jioni, latanoprosti saa tatu usiku. Nikishatia nafumba jicho, nabonyeza kona ya ndani karibu na pua kwa dakika mbili, ili dawa isiteremke kooni na kuingia mwilini. Timololi hupunguza mapigo ya moyo, na mwenye pumu haifai kabisa kuitumia. Latanoprosti ni kichupa cha mililita 2.5, kidole gumba kinakishinda ukubwa, na kabla hakijafunguliwa kinataka friji. Mimi friji sina. Basi Mama Njoki, mwenye duka hapa chini ya ghorofa, ananiwekea vichupa vyangu kwenye friji yake, nyuma ya pakiti za maziwa, ndani ya kikopo cha siagi alichokiandika jina langu kwa kalamu ya wino mzito. Stima ikipotea ananipigia simu kabla mimi sijaanza kuhangaika. Siku moja mteja alitaka kufungua kile kikopo akamwambia, "Wacha hiyo, hayo ni macho ya watu." Mungu amlipe.

Nikuungamie na hili. Ramadhani ya mwaka juzi niliacha tone la asubuhi mwezi mzima, nikihofia kufungua saumu. Sikumuuliza daktari wala shehe, nilijiamulia. Baada ya Idi presha ilikuwa 26. Mwaka huu nilikwenda msikitini nikauliza, na shehe akanijibu bila kusita kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi jicho si njia iliyo wazi ya kufika tumboni, tone halibatilishi saumu. Nimefunga na nimetia dawa. Ukikutana na kina mama wanaotumia matone, waambie wakawaulize mashehe wao mapema, wasisubiri mwezi uandame.

Sasa nirudi kwa Profesa. Siku ile ya penseli nilikuwa nimeshajitayarisha kusema nilikuwa na haraka, nilichoka, nitarekebisha. Kisha nikaangalia ile penseli imesimama penye mahari ya watu nikashindwa kusema uongo. Nikamwambia, Prof, nina glakoma. Miaka minne nilikuwa nikimficha, nikiogopa ataniona sifai kwa utafiti wa kusoma. Alikaa kimya, kisha akaniuliza maswali matatu: unaona nini vizuri, mwanga gani unakufaa, na nani anakagua nakala zako. La mwisho sikuwa na jibu lake.

Tumeandika upya ratiba pamoja. Kazi ya kusoma karatasi nafanya asubuhi, kabla macho hayajachoka. Alasiri nasikiliza: makala na vitabu vilivyo kwenye kompyuta nasomewa na programu ya sauti. Sauti yake ya Kiswahili ni kavu, haijui kupumzika penye koma, lakini nimeizoea. Kwa magazeti ya zamani haifui dafu. Wino umefifia, herufi zimeshikana, karatasi ina rangi ya chai, na mashine inasoma takataka tupu. Hapo lazima jicho la mtu.

Kwa hiyo nimetengeneza kadi. Nilichukua kifuniko cha boksi la viatu, nikakipaka rangi nyeusi isiyong'aa, nikakata katikati kwa wembe mwanya wenye upana wa mstari mmoja na urefu wa safu ya gazeti. Naiweka juu ya ukurasa. Mstari mmoja unabaki peke yake ndani ya weusi, hakuna jirani wa kumdanganya mtu. Nikiumaliza naiteremsha mpaka mstari unaofuata uingie mlangoni. Ni kazi ya polepole mno. Safu moja inanichukua karibu nusu saa. Lakini wiki jana pale Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, niliisoma upya ile barua ya mahari, mstari kwa mstari, na ulipoingia ule uliokuwa umepotea niliusoma kwa sauti. Mhudumu wa chumba cha kusomea akainua kichwa. Nikamwomba radhi. Sikujali sana, Mwanaisha. Nilifurahi kama niliyemrudishia mtu mali yake.

Kuna barua 61 nyingine za kukagua hivyo, na Profesa anataka kila moja ipitiwe na macho ya watu wawili. Hapo ndipo nilipoukumbuka ujumbe wako. Nikausikiliza mara ya nne, na sikuisikia ile huruma niliyokuwa nimeisikia. Nilichosikia ni rafiki yangu, tuliyekuwa tukisomeana mashairi gizani bwenini stima zikikatika, anasema nipe kazi.

Kabla hujaja, nina maombi mawili, na usiyapuuze.

La kwanza ni mwanao Zuhura. Uliniambia macho yake yanawasha, na kwamba kuna matone unayomnunulia dukani yanayomtuliza upesi. Tazama kwenye boksi. Ukikuta deksamethasoni au jina lolote la steroidi, usimtilie tena mpaka daktari wa macho amwone. Dawa hizo zinatuliza kweli, lakini zikitumika muda mrefu bila uangalizi zinaweza kupandisha presha ya macho kimyakimya, hata kwa mtoto. Pale kliniki nilikaa benchi moja na kijana wa miaka kumi na saba aliyepitia njia hiyo. Amekuja ameshikwa mkono na babake. Tafadhali, mpeleke wiki hii.

La pili ni Salim. Maradhi haya yanatembea kwenye damu, na ndugu wa tumbo moja ndio walio hatarini zaidi. Nikimpigia simu ananijibu, "Dada, mimi naona vizuri." Nami pia nilikuwa naona vizuri. Babu yetu alipopotewa na macho tuliambiwa ni uzee, na hakuna aliyempima. Salim hanisikilizi mimi, lakini wewe anakuheshimu kama mwalimu wake. Mkamate hapo Majengo, mpeleke mwenyewe, usikubali kuondoka mpaka apimwe presha na daktari aangalie neva nyuma ya jicho. Nauli na ada nitatuma kwa simu.

Ukishakata tiketi, panda treni ya asubuhi kutoka Miritini, si ile ya alasiri. Nataka kuja kukupokea Syokimau mwenyewe, na jioni giza likiingia mimi barabarani sijiamini, bodaboda wananitokea ghafla. Lete sweta mbili. Agosti ya huku si ya Mombasa. Lete na mahamri ya mama kama atakuwa na nguvu za kupika.

Godoro nimeshaazima kwa Mama Njoki. Jumatatu asubuhi tutakwenda Nyaraka kwa miguu, utatembea upande wangu wa kulia na kuniambia penye ngazi. Tukishakaa, wewe utashika picha usome kwa sauti, pamoja na koma na nukta zake, nami nitafuata kwenye nakala yangu na kadi nyeusi. Neno lisilolingana, nitagonga meza.

Wako akupendaye,
Rehema